Maudhi Madogo Madogo: Namna ya Kuchagua Njia ya Uzazi wa Mpango na Kuifuatilia Mwilini Mwako

Katika kliniki za uzazi wa mpango nchini Tanzania kuna maneno matatu ambayo kila mama anayeanza njia huyasikia kabla hajatoka chumbani: maudhi madogo madogo. Muuguzi humweleza kuwa hedhi inaweza kubadilika, kichwa kinaweza kuuma, uzito unaweza kupanda kidogo, na kwamba mengi kati ya hayo hupungua baada ya miezi mitatu. Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo mimi, niliyeyatoa kwa miaka mingi nikiwa muuguzi mkunga, nilikuja kuyaelewa nilipochomwa sindano ya uzazi wa mpango mwenyewe baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, nikatokwa na damu kidogo kidogo kwa siku 41 mfululizo, nikawa natembea na kanga ya akiba mkobani na kuchagua viti vya kukalia. Mwenzangu wa zamu aliyeanza sindano hiyohiyo wiki ileile alikoma kabisa kupata hedhi, na akafurahi, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa akisumbuliwa na upungufu wa damu. Dawa ilikuwa ileile, kipimo kilekile cha miligramu 150, na vichupa vyote viwili vilitoka katika boksi moja.

Mwongozo huu ni kwa mwanamke anayetaka kuanza njia, na pia kwa yule aliyekwisha kuanza na hajui kama avumilie au abadilishe. Jambo kuu ninalotaka kulieleza ni kuweka kumbukumbu kwa maandishi. Jirani yako hawezi kukuambia kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kitaufanya nini mwili wako, na muuguzi naye hawezi kukuambia kwa uhakika. Wewe ndiye utakayejua, endapo utakuwa umeandika ulichokiona tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kwenda kituoni

Tafuta daftari dogo na uandike majibu ya maswali manne, kwa kuwa ukiulizwa ghafla mbele ya muuguzi mwenye foleni ndefu utasahau nusu yake.

Swali la kwanza ni lini unataka kushika mimba nyingine, kama unaitaka. Anayetarajia kuzaa karibuni asianze sindano ya miezi mitatu, kwa sababu wanawake walioiacha hushika mimba kwa wastani karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wapo wanaosubiri zaidi ya hapo. Sindano haiui uzazi. Dawa iliyowekwa kwenye msuli huisha taratibu. Kijiti, au kitanzi kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, kikishatolewa, mimba inaweza kuingia mwezi uleule. Nimekaa na wanawake waliolia wakiamini kuwa wamefungwa kizazi, ilhali kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza tofauti hii siku ya kwanza.

Swali la pili ni hedhi yako ilivyo sasa: huchukua siku ngapi, unatumia pedi au vitambaa vingapi siku ya damu nyingi, na maumivu yake yanakulaza au la. Usipoijua hedhi yako ya kawaida hutaweza kusema imebadilika kwa kiasi gani. Tena jibu hili huelekeza uchaguzi wenyewe. Mwanamke ambaye hedhi yake ni nzito, na ambaye kila anapopimwa wingi wa damu anaonekana pungufu, hatapatana kwa urahisi na kitanzi cha madini ya shaba, kwa sababu huongeza damu na maumivu, hasa katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Mwanamke huyohuyo anaweza kupata nafuu kwa vidonge au sindano.

Swali la tatu ni maradhi na dawa unazotumia, hata zile ambazo huoni zinahusiana vipi na uzazi. Rifampisini inayotibu kifua kikuu, pamoja na dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, hupunguza nguvu ya vidonge na ya kijiti. Efavirenz, dawa mojawapo ya kufubaza VVU, nayo hudhoofisha kijiti, na wako wanawake walioshika mimba kijiti kikiwa mkononi. Dolutegravir, inayotumiwa na wengi siku hizi, haina tatizo hilo. Taja pia kipandauso kama unacho, hasa kile kinachotanguliwa na kuona mng'aro au mistari machoni, na utaje presha, kwa kuwa hayo mawili yanamzuia mwanamke kutumia vidonge vyenye homoni mbili.

Swali la nne huulizwa mara chache, nalo ni nani nyumbani anajua. Kijiti huhisika kwa kidole kinapoguswa. Pakiti ya vidonge hukaa mahali, na mahali hapo hufunguliwa na wengine. Damu isiyo na mpangilio huleta maswali kwa mume, na katika nyumba ya Kiislamu inagusa swala na funga: mama mmoja wa Tanga aliniambia kuwa matone yake hayakumuumiza popote, ila mwezi mzima wa Ramadhani hakujua siku ipi afunge na ipi ailipe. Kwa mizani ya kliniki hilo ni udhia mdogo. Kwake halikuwa jambo dogo, na nilipaswa kumuuliza kabla ya kumchoma.

Njia zenyewe, na jinsi miili inavyozipokea

Kijiti, ambacho wengine hukiita kipandikizi au njiti, huwekwa chini ya ngozi ya upande wa ndani wa mkono wa juu. Kipo cha njiti moja cha miaka 3 na cha njiti mbili cha miaka 5. Unapigwa ganzi, unasikia mchomo wa sindano hiyo na baadaye msukumo tu, kisha mkono unafungwa bandeji. Michubuko na uvimbe kwa siku chache ni vya kawaida. Ni njia yenye nguvu kuliko karibu zote, kwa kuwa kati ya wanawake 1,000 wanaoitumia kwa mwaka, anayeshika mimba ni mmoja au hata hafiki mmoja. Upande wa damu ndipo wanawake wanapoachana: takribani mmoja kati ya watano hukosa hedhi kabisa, wengine huipata nyepesi na ya nadra, na wako wanaotokwa na matone ya mara kwa mara au damu inayodumu wiki mbili au tatu. Hakuna kipimo kinachoweza kutabiri utakuwa kundi gani. Baadhi huota chunusi au kuumwa kichwa, na wapo wanaosema hamu ya tendo la ndoa imepungua.

Sindano ndiyo ninayoifahamu kwa ndani. Hutolewa kila baada ya wiki 13, na ukichelewa hadi wiki 4 bado unaweza kuchomwa bila kuanza upya, ingawa si vyema kuzoea kuchelewa. Ipo pia ya kuchomwa chini ya ngozi, ya miligramu 104, ambayo mwanamke anaweza kufundishwa kujichoma nyumbani. Miezi ya mwanzo huwa na vurugu ya damu kwa wengi, na kufikia mwaka mmoja karibu nusu ya watumiaji huwa hawapati hedhi tena. Kuhusu uzito, wastani ni ongezeko la kilo 1 hadi 2 kwa mwaka, lakini wastani huo una watu wengi ndani yake. Namkumbuka mama lishe aliyekuja na sketi aliyoishonesha mwaka uliotangulia, akaishika kiunoni kunionyesha kuwa zipu haifungi, akasema, "Sista, sijabadilisha chakula, nimebadilisha dawa." Kadi yake ilionyesha kilo 58 siku aliyoanza, mizani ilisoma 67. Mhudumu aliyempokea kabla yangu alikuwa amemwambia atazoea.

Yapo mazungumzo ya muda mrefu kuwa sindano huongeza hatari ya kupata VVU. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini kwa wanawake 7,829, ambao matokeo yake yalitolewa 2019, ulilinganisha sindano hii, kijiti na kitanzi cha shaba, na haukuona tofauti kubwa ya maambukizi kati ya makundi hayo matatu. Hakuna hata moja kati ya njia hizo inayozuia VVU. Kondomu ndiyo inayozuia, na inaweza kutumiwa pamoja na njia nyingine yoyote.

Kuhusu kukosa hedhi, ambako huwatia wanawake hofu kuliko kutokwa na damu, ni lazima nieleze kwa utulivu. Wengi huamini kuwa damu inajazana tumboni na kugeuka uvimbe. Ukweli ni kwamba homoni ya kijiti na ya sindano huufanya ukuta wa ndani wa mji wa mimba ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna kitu cha kubomoka na kutoka. Ikiwa bado una wasiwasi wa mimba, pima. Kipimo cha mkojo ni cha bei ndogo na hukupa usingizi.

Kitanzi cha shaba, ambacho Wakenya hukiita koili, hakina homoni yoyote. Huwafaa wanawake ambao vichwa, matiti na hisia zao hazikupatana na njia za homoni, na kinaweza kukaa miaka 10 na zaidi. Kuwekewa kitanzi kunauma kama hedhi kali kwa dakika chache, na wachache huishiwa nguvu. Usiondoke kitandani kwa haraka. Kinaweza kutoka chenyewe, hasa katika miezi ya mwanzo, hivyo rudi kukaguliwa baada ya hedhi ya kwanza na uendelee kuangalia pedi zako. Mume akilalamika kuwa anahisi nyuzi za kitanzi, mhudumu anaweza kuzikata fupi; hiyo si sababu ya kukitoa.

Dawa za majira, yaani vidonge, humpa mwanamke uwezo wa kuacha siku atakayo bila kumwomba mtu, na ile yenye homoni mbili hupanga hedhi vizuri na kupunguza maumivu yake. Kichefuchefu cha wiki za mwanzo hupungua ukimeza usiku au baada ya chakula. Ukisahau kimoja cha homoni mbili, kimeze mara unapokumbuka na uendelee kama kawaida. Ukisahau viwili au zaidi mfululizo, meza cha karibuni na utumie kondomu siku 7 zinazofuata. Vidonge hivyo vya homoni mbili visitumiwe na anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, wala na mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35. Kwa anayenyonyesha vipo vya homoni moja. P2, inayouzwa kwenye maduka ya dawa, ni ya dharura, na hufanya kazi vizuri zaidi inapomezwa mapema ndani ya saa 72 baada ya tendo la ndoa. Anayeitegemea kila wiki ataona hedhi yake inayumba, na bado atakuwa na kinga ndogo kuliko njia zote nilizozitaja.

Daftari la miezi mitatu

Anza siku ileile uliyowekewa njia. Andika tarehe, jina la njia na jina la dawa kama lilivyo kwenye kadi, uzito wako na presha yako. Kisha chora mwezi kwa miraba, au tumia kalenda ya ukutani ikiwa hakuna wa kukuuliza. Kila usiku weka alama moja: herufi kubwa D kwa damu iliyohitaji pedi, herufi ndogo d kwa matone, na kistari kwa siku kavu. Siku ya damu andika pia idadi ya pedi zilizojaa, kwa kuwa mhudumu akisikia "natoka sana" hana la kupima, lakini akisoma "pedi 6 kwa siku, siku 9" anajua aanzie wapi.

Chini ya miraba hiyo acha nafasi ya maneno machache: kichwa, chunusi, usingizi, hamu ya tendo la ndoa, hasira au huzuni. Hisia ndizo wanawake hawaziandiki, kwa kudhani ni tabia yao au ni uchovu wa watoto. Ikiwa kabla ya njia ulikuwa mtu wa kucheka na sasa unalia bila sababu wiki tatu kati ya nne, liandike na ulitaje, kwa maana linastahili kusikilizwa sawa na damu. Uzito pima mara moja kwa mwezi, kwenye mizani ileile. Ya duka la dawa na ya kliniki mara nyingi hazisemi namba moja.

Andika pia mambo mengine ya maisha. Mimi nilipolisoma daftari langu niligundua kuwa maumivu ya kichwa niliyoyalaumu kwa sindano yalikuja karibu yote baada ya zamu za usiku, ilhali damu haikuwa na uhusiano na kitu kingine chochote. Bila maandishi ningeilaumu sindano kwa yote mawili, au ningeisamehe kwa yote mawili.

Kurudi kituoni kabla ya tarehe

Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni ya mwisho ya kurudi, na hukatazwi kurudi mapema. Kituo chenye alama ya Nyota ya Kijani hutoa huduma ya uzazi wa mpango, na katika vituo vya serikali huduma hiyo ni bila malipo, pamoja na ushauri wa kubadilisha njia.

Ukifika, weka daftari mezani, ulifungue, na useme moja kwa moja unachotaka: nafuu ya tatizo, au njia nyingine. Damu ya muda mrefu kutokana na kijiti au sindano mara nyingi hupunguzwa kwa ibuprofeni ya siku 5 inayomezwa baada ya chakula, au kwa vidonge vya homoni mbili vya siku 21 kwa asiye na kizuizi. Mhudumu ataamua baada ya kukuuliza kuhusu vidonda vya tumbo na presha. Kwa damu nyingi ya kitanzi, ibuprofeni husaidia pia, na epuka aspirini kwa sababu inaweza kuiongeza. Omba kupimwa wingi wa damu. Ikiwa matone yalianza ghafla baada ya miezi mingi ya utulivu, au yanakuja baada ya tendo la ndoa, omba uchunguzi wa mlango wa kizazi na wa magonjwa ya zinaa, kwa kuwa si kila damu inayomtoka mtumiaji wa njia imesababishwa na njia.

Yapo mambo ambayo hayasubiri daftari. Nenda siku hiyohiyo ikiwa pedi inajaa kila saa kwa zaidi ya saa mbili. Ikiwa una maumivu makali chini ya tumbo, hasa ukiwa na kitanzi na umekosa hedhi, kwa kuwa mimba inaweza kuwa nje ya mji wa mimba. Ikiwa mahali pa kijiti panatoa usaha au ncha yake imetokeza. Kwa mtumiaji wa vidonge vya homoni mbili, maumivu na uvimbe wa mguu mmoja, kifua kubana, kushindwa kupumua, macho kuwa ya manjano, au kichwa kuuma kwa namna ambayo hajawahi kuijua pamoja na kuona vibaya ni dalili za kuacha vidonge na kwenda hospitali bila kusubiri kesho.

Kutoa au kubadilisha

Wanawake wameniambia mara nyingi kuwa walipoomba kijiti kitolewe walijibiwa kuwa muda wake haujaisha. Miaka 3 au 5 ni muda wa dawa kufanya kazi. Haikuwahi kuwa ahadi ya mwanamke kukaa nacho. Ana haki ya kutolewa siku yoyote, kwa sababu yoyote, hata asipoitaja. Ukikataliwa, omba kwa upole kuonana na mganga mfawidhi wa kituo, au nenda kituo kingine chenye mtaalamu aliyefunzwa kutoa. Usikubali kutolewa na mtu wa mtaani kwa wembe. Kijiti kikiwa hakisikiki kwa kidole, kisichimbwe. Unapewa rufaa kwenda panapoweza kukitafuta kwa ultrasaundi kwanza.

Kabla hakijatoka, amua kinachofuata. Kama hutaki mimba, pokea njia mpya siku hiyohiyo, kwa kuwa kinga ya kijiti huondoka ndani ya siku chache. Yule mama lishe aliacha sindano akawekewa kitanzi; hedhi mbili za mwanzo zilikuwa nzito, ya tatu ikatulia, na uzito ukashuka polepole kwa miezi mingi, ingawa haukurudi wote. Mimi nilichukua kijiti, na damu yangu ikawa ya siku mbili kila baada ya wiki sita au saba, jambo ambalo sindano, yenye homoni ya familia hiyohiyo, haikunipa. Mdogo wangu alijaribu kijiti hichohicho kwa kunisikiliza mimi, akakaa nacho miezi saba ya kichwa na machozi, kisha nikampeleka mwenyewe kikatolewa. Leo yeye na mumewe wanatumia kondomu.

Njia mpya inapoanza, fungua ukurasa mpya wa daftari, na juu yake andika uliacha ipi, lini na kwa nini. Lihifadhi pamoja na kadi yako ya uzazi wa mpango, na siku ukihamia mkoa mwingine vibebe vyote viwili, kwa sababu muuguzi atakayekupokea huko hatakuwa na kumbukumbu nyingine yoyote ya mwili wako.